Bajeti ya Kumwita Mama

Daftari lile ninalo hadi leo. Ni cahier ya shule, kurasa tisini na sita, jalada la bluu lililoliwa pembe moja na panya. Mwandiko wote ni wangu, tangu mstari wa kwanza hadi ule wa kumi na moja, ambao laiti mkono wangu ungekauka kabla ya kuuandika.

Katika ua wetu hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, tulikuwa wanawake wawili. Mimi, Mukashema, mjane, niliyefika darasa la tano katika shule ya misheni kule milimani na sikumwacha mtu asahau hilo. Na Umutesi, mke wa marehemu kaka yangu Eugène, ambaye hajui kuandika hata jina lake lakini hakuna anayemshinda kukumbuka. Watu wote walimwita Mama Ketsia. Mimi waliniita Mama Néhémie, kwa jina la mwanangu wa kwanza, ambaye anafanya kazi Lubumbashi na hukumbuka kuwa ana mama kila ifikapo Krismasi.

Ketsia yuko Marekani, mwaka wa tisa sasa. Alivuka ziwa akiwa na miaka kumi na mitano pamoja na familia ya mchungaji, akakaa kambini Tanzania, kisha jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaopelekwa. Anakata kuku kiwandani, amesimama saa kumi kwa siku. Jumapili moja alitupigia baada ya ibada akasema ameamua kuomba uraia. Hakusema kwamba anaipenda sana ile bendera. Alisema tu kwamba mwenye karatasi ya ukaaji hawezi kumwita mzazi wake, ila raia anaweza. Akiwa raia, atamwita mama.

Umutesi aliishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa sahani ya moto. Mimi nikaenda kuchukua daftari.

Ketsia alinisomea bajeti na mimi nikaandika. Ombi la uraia, dola mia saba na kumi. Kitabu na masomo ya mtihani, sitini. Nauli ya kwenda kwenye mtihani mji mwingine, na siku mbili bila mshahara, mia mbili na themanini. Nguo ya kuapia, arobaini. Huo mstari ni Umutesi aliyeuongeza, akasema mtoto haapi na nguo ya kuku. Kisha ombi la kumwita mama, nikaandika jina Umutesi, mia sita ishirini na tano. Kukagua karatasi, mia moja ishirini. Viza, mia tatu ishirini na tano. Halafu yale ya upande wetu: pasipoti, daktari, na safari ya maji hadi Kalemie, halafu ndege hadi Kinshasa. Mistari kumi. Ili ifike mwisho, Ketsia alisema, ile dola mia anayotutumia kila mwezi ataisimamisha kwa muda. Tukakubali. Tukaacha sukari, tukaacha sabuni ya harufu, tukala sombe, majani ya mihogo, na ugali mpaka tukachoka kutazamana.

Mtihani wenyewe ulikuwa na maswali mia moja. Ofisa huchagua kumi. Ukijibu sita umepita. Kila Jumapili Ketsia alitusomea maswali akitutafsiria, ili na yeye yamkae kichwani. Rais akifa nani anashika kiti? Mito yao miwili mirefu ni ipi? Umutesi aliyashika yote. Ungemkuta anaanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, juani anajisemea Misisipi, Misuri, Misisipi, Misuri, majirani wakadhani anaomba kwa lugha. Siku moja aliniambia nchi ile ina huruma, maana inakupa maswali kabla ya kukuuliza. Sisi wafugaji wa milimani tunaitwa wageni hapa, wanatuuliza ni wa wapi tangu babu zetu, na kitabu cha kusomea hatujawahi kupewa.

Sasa niseme jambo ambalo bila hilo mengine hayana maana. Ketsia nilimzaa mimi.

Ulikuwa mwaka wa vita. Nilikuwa na watoto wanne. Umutesi alikuwa amezika watatu, wa mwisho akiwa na siku tisa, na maziwa bado yalikuwa yanamtoka. Kaka yangu hakuniomba kwa maneno. Alikuja akakaa, akanywa maziwa, akamtazama mtoto wangu wa wiki tatu, akaondoka. Jioni ile nilikwenda kwake, nikamfunga mtoto mgongoni mwa Umutesi kwa kitenge changu mwenyewe. Kesho yake Eugène akaniletea mtamba. Haikuwa bei, atakayesema ni bei nitamtemea mate. Lilikuwa agano: mtoto ameenda kule, ng'ombe amekuja huku, na hakuna upande unaouza wala kurudisha. Mwenye kutoa hasemi tena. Kuanzia siku ile mimi ni shangazi, na Ketsia mwenyewe hajui kitu kingine. Hata kambini, alipoulizwa jina la mama, alisema Umutesi, na likaandikwa.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo nimeichukia miaka ishirini na saba, kwa sababu ni ya kweli. Umutesi alimlea kuliko ambavyo ningemlea mimi, mwenye hasira za karibu. Lakini kila mtu alipomwita Mama Ketsia, kulikuwa na mahali ndani yangu paliponichoma, na sikuwahi kupazoea.

Wakati Ketsia anasoma maswali yake, sisi tulianza mistari ya upande wetu. Tulihitaji pasipoti ya Umutesi, na karatasi ya kuzaliwa ya Ketsia, kwa kuwa ya kwanza iliungua pamoja na nyumba. Tulikwenda kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana wa pale, mwenye shati lililopigwa pasi, alimuuliza Umutesi chifu wa babu yake ni nani, kaburi la babu liko kilima gani, ukishuka kutoka kwenu unavuka maji gani kabla hujafika mto Mutambala. Umutesi alijibu moja baada ya jingine bila kumeza mate. Nilikuwa nahesabu. Alipata yote, na bado tukadaiwa dola ishirini za kalamu.

Kisha kijana akauliza habari za kuzaliwa kwa mtoto. Alizaliwa saa gani, nani alimpokea, kulikuwa na shida yoyote?

Umutesi alivuta pumzi. Ni mimi niliyejibu.

"Alikuya na miguu mbele. Ilikuwa asubui, batu bakikamua ngombe."

Kijana akainua kalamu. Akanitazama, akamtazama mwenzangu. "Mama yake ni nani kati yenu?"

"Ni miye," Umutesi akasema.

"Na huyu?"

"Ni shangazi. Alikuwaka pale."

Kijana akaandika. Tulipotoka, Umutesi alitangulia njia nzima bila kugeuka. Sokoni alisimama, akafungua fundo la kitambaa chake, akanunua nusu kilo ya sukari, ya kwanza baada ya miezi mitano, akaniwekea mkononi. Haikuwa zawadi. Alikuwa ananiomba nifunge mdomo, ndivyo nilivyoelewa, na sukari niliinywa.

Ketsia alipita. Ofisa alimuuliza maswali sita, akayajibu yote, ofisa akafunga faili. Aliapa akiwa na ile nguo ya dola arobaini na picha yake ikatufikia. Wanawake wa kanisa walikuja wakaimba uani mpaka vumbi likapanda. Umutesi aliwaambia wote kuwa hata yeye angepita, wamuulize. Wakamuuliza. Akapita.

Baada ya hapo kukawa kimya cha kungoja. Miezi saba. Bunduki zilikuwa zinalia milimani kama kawaida, siku nyingine mbali, siku nyingine si mbali, na watu wetu walikuwa wanatoka uani kwa sababu za lazima tu. Kila aliponiletea simu nisome kama kuna ujumbe, Umutesi alikuwa anatazama midomo yangu badala ya simu.

Ujumbe ulikuja asubuhi moja ya Jumatatu. Ketsia aliandika kwamba ombi linaendelea vizuri, ila karatasi ya kuzaliwa imewatia shaka, maana imetolewa miaka ishirini na saba baada ya mtoto. Wanaomba kipimo cha ADN, kile cha nasaba. Atachukuliwa mate yeye huko, na mama achukuliwe mate Kinshasa. Dola mia nne na themanini. Nusu anayo, nusu hana, je, tunaweza kuitafuta? Na mwisho aliandika: mama asiogope, ni kuonyesha tu kuwa yeye ndiye alinizaa.

Niliusoma mara mbili. Umutesi alikuwa amekaa mbele yangu kwenye kigoda, anachambua mchele.

Akauliza mtoto anasema nini. Nikamwambia kuna kipimo kingine cha hospitali, dola mia nne na themanini, wanataka mate, waone kama ana kifua kikuu. Akashangaa mate peke yake kuwa na bei yote ile. Nikamwambia ndiyo Marekani. Akacheka, akarudi kwenye mchele wake. Nikafungua daftari nikaandika mstari wa kumi na moja: Kipimo, 480.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia simnyang'anyi mtu kitu. Nilitaka tu, kabla sijafa, mtoto yule ajue mara moja alitoka tumbo gani. Na nilitaka mdomo wangu ubaki msafi. Agano lilikataza mimi kusema. Halikusema lolote kuhusu mashine. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, mimi msomi wa darasa la tano.

Ilibaki nusu ya pesa. Ng'ombe wetu wengi walikwisha kwenda, mnajua walivyokwenda, mbele ya bunduki. Katika uzao wa ule mtamba wa Eugène alibaki mmoja tu, Ihirwe, na alikuwa anatunzwa kule Mboko na Casimir, Mubembe mmoja mzee, mwenyeji wa kule, aliyekuwa rafiki wa kaka yangu tangu ujana. Alimfunga nyuma ya shamba lake la mihogo na tuligawana maziwa. Nilipanda pikipiki nikaenda bila kuaga vizuri. Nilisema naenda Mboko kutafuta mafuta ya mawese ya bei nafuu.

Casimir alinisikiliza mpaka mwisho. Mchinjaji wa Nundu alikuwa amesimama pembeni na kamba yake.

"Mama Néhémie, ile ngombe, Eugène alinielezaka mambo yake," Casimir akasema. "Mama Ketsia anajua?"

Nikasema anajua. Nilisema haraka mno. Mzee hakuiachia kamba ya ng'ombe, ikabidi niitoe mwenyewe kwenye vidole vyake. Bei ilikuwa mia tatu na hamsini: mia mbili na hamsini mkononi, mia moja siku ya soko. Ng'ombe alimfuata mchinjaji bila kusumbua, na hilo liliniudhi kuliko kama angegoma.

Pesa ikatumwa. Tarehe ya Kinshasa ikapatikana. Umutesi akaanza kufunga begi: vitenge viwili, Biblia ambayo anaisikia tu, na kopo la ndagala za kupeleka zawadi kwa watu atakaofikia. Alikuwa anaimba. Mimi nilianza kukosa usingizi, kwa hiyo Jumapili ile nikamwita Ketsia kando, simu nikiwa nayo nyuma ya jiko, nikamuuliza kama mzaha: na mashine ikikosea, ikasema hapana?

Alicheka. Halafu akanieleza, kwa ile sauti yake ya kufafanua maswali ya mtihani, kwamba ikisema hapana watahesabu alidanganya. Watafungua faili lake upya, mpaka karatasi za kambini.

"Banaweza kuninyanganya hata huu uraia," akasema. "Lakini haiwezi, shangazi. Mama ni mama."

Nilirudi kukaa karibu na moto. Sikuwa nimewaza hilo. Naapa mbele ya Mungu sikuwa nimeliwaza. Nilikuwa nimeona uso wa mtoto akijua, basi, sikuona faili. Sasa palikuwa na siku tano kabla ya boti, na njia moja tu ya kuzuia: kumwambia Umutesi nilichofanya. Jumatatu nilimfuata mpaka kisimani na maneno yakiwa mdomoni, nikaishia kumsaidia kubeba ndoo. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema jino.

Jumanne mchana nilitoka bandarini na tiketi ya Kalemie, ya Ijumaa. Mlangoni nilipishana na Immaculée, mke wa mchungaji wetu, mwanamke ambaye hawezi kukupita bila kukushika mikono yote miwili. Alinipita. Hakuinua macho.

Umutesi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Mbele yake, juu ya kigoda changu, palikuwa na noti ya dola mia moja, imekunjwa mara mbili, na simu kando yake. Nikajua. Soko la Nundu lilikuwa jana yake. Casimir amekuja kuleta baki, hakunikuta, akampa mwenye haki kwa hesabu yake yeye. Na Umutesi, akishaambiwa ng'ombe gani, alikuwa na akili ya kutosha kutafuta msomaji mwingine wa ule ujumbe.

"Casimir alileta feza ya ngombe," akasema.

Nilianza kusema mengi kwa pamoja, kwamba nilitaka kumwambia, kwamba jino, kwamba jana kisimani. Aliningoja nimalize. Hakuwa analia na hakuwa na hasira, na mimi hasira ndiyo niliyokuwa nimejiandalia.

"Immaculée alinisomea yote," akasema. "Ungeniambia tu: wifi, nataka mutoto ajue. Ningemwambia miye mwenyewe. Miaka yote hii nilikuwa nangoya useme."

Nilipiga magoti. Mimi, ambaye sijampigia magoti hata mume wangu. Nikamwambia tuache, tuseme amezeeka, tuseme anaumwa, asisafiri, tiketi niichane. Akatikisa kichwa. Alikuwa amekwisha kulifikiri mpaka mwisho, na yeye hajui kusoma.

"Bameisha kuomba kipimo. Miye nikikataa, batasema Ketsia alidanganya. Nikienda, batasema alidanganya. Ni aandike yeye mwenyewe ukweli, kabla bamushike. Na wa kumwambia ni weye."

Aliinuka akaingia ndani. Nikasikia begi linafunguliwa. Alitoka na kitenge kilichokunjwa, kimepauka mpaka maua yake hayaonekani, na sikukitambua mpaka kilipokuwa mapajani mwangu. Ni kile nilichomfungia mtoto mgongoni. Alikuwa amekifunga asafiri nacho. Juu yake akaweka ile dola mia.

"Ngombe uliuzisha," akasema. "Basi mutoto nakurudishia. Leta cahier, pale uliandika jina yangu uandike yako."

Nikamwambia siwezi. Akaniambia mwandiko ni wangu tangu mwanzo, nani mwingine ataweza. Kisha akaniita kwa jina ambalo miaka ishirini na saba nilikuwa nalitamani kama mwenye njaa, akaliita taratibu, kama anavyomwita jirani kumwomba chumvi.

"Andika, Mama Ketsia."

Sikuandika. Simu ikalia juu ya kigoda. Ilikuwa saa ya mapumziko ya asubuhi kule kiwandani, na jina lilikuwa linawaka kwenye kioo. Umutesi aliitazama ikilia. Nilimwona mkono unamtoka kuelekea simu, kama ulivyozoea, halafu akaurudisha mwenyewe kwa mkono mwingine. Akachukua ndoo. Akavuka ua, akapita mlango wa matete, na nikasikia malapa yake yanashuka njia ya ziwani mpaka yakapotea.

Simu ikakatika. Ikaanza tena. Nilijifuta mikono kwenye kile kitenge, nikapokea.

Uso wake ukajaa kioo, na kofia ya plastiki ya kiwandani kichwani. Alikuwa na furaha. Ana kidevu changu. Sijui watu walikuwa wanaangalia wapi miaka yote. Akauliza kama tiketi tumeipata, nikasema tumeipata. Akauliza kama begi limefungwa, nikasema ndiyo. Maswali mia moja alitusomea mtoto huyu, na hakuna ambalo sikuwa na jibu lake.

"Shangazi, nipe mama nimusalimie, dakika ni mbili tu," akasema, akitafuta nyuma ya bega langu kwa macho. "Shangazi? Mama iko wapi?"